Kitabu kimetugombanisha. Je, tuache kabisa kusoma vitabu vya mambo ya dini?

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kutoka Morogoro. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Mlutheri, sijaolewa. Mimi na jirani yangu tulianzisha kikundi cha kusoma vitabu, tunakutana sebuleni kwangu Jumamosi ya mwisho wa mwezi saa tisa na nusu, kila mtu anakuja na kitafunwa chake. Nikajikuta mwenyekiti kwa kuwa nyumba ni yangu.

Tuko watu mchanganyiko. Kuna mzee mstaafu wa reli ambaye ni mzee wa kanisa usharikani kwetu. Kuna dada mwenye duka la dawa, mama muuza vitenge, kijana wa kompyuta anayesema hana dini yoyote, na walimu wenzangu kadhaa. Wengi ni Wakristo. Waislamu ni wawili tu, yule dada wa duka la dawa na mama wa vitenge.

Safari hii tulichagua Peponi, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Hatukuichagua kwa ajili ya dini. Tuliichagua kwa sababu mwandishi ni wa kwetu na alipata Nobeli, tukaona ni aibu kutomsoma. Nakala zilikuwa mbili, tukatoa kopi.

Tumefika katikati. Kuna mahali Kalasinga, yule fundi Singasinga, anamwambia rafiki yake Hamid kwamba atafasiri Kurani kwa Kiswahili ili wenyeji wasikie wenyewe ni Mungu wa namna gani wanayemwabudu. Tulipofika hapo yule mzee akacheka sana, akamgeukia dada wa duka la dawa: "Si ndivyo mlivyo? Mnakariri msichokielewa." Kijana wa kompyuta akadakia kwamba wote ni wale wale, Biblia na Kurani zote ni hadithi za watu wa jangwani. Mimi nikainuka kwenda kuongeza chai. Niliporudi, dada alikuwa ameshaweka kopi zake mezani, anafunga mkoba. Akasema, "Kumbe hiki ndicho mlichoniitia," akatoka.

Jioni ile ile mambo yakahamia WhatsApp. Mtu akatuma video ya mhubiri, mwingine akajibu kwa video ya sheikh, mpaka usiku wa manane. Asubuhi mume wa mama wa vitenge akanipigia kunieleza, kwa heshima lakini kwa mkato, kwamba mkewe hatakuja tena.

Sasa kikundi kina maoni matatu. Wapo wanaosema tupitishe sheria, vitabu vyenye mambo ya dini marufuku, tusome vya ujasiriamali. Wapo wanaosema tugawane, Wakristo kwao na Waislamu kwao. Na mzee anasema yeye hakutukana, alisoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa kimeandikwa na mtu wa Zanzibar. Nitamwambia nini, Mama? Ni mkubwa wangu, amenipakata nikiwa mtoto, na kanisani ananitangulia. Na huyu dada nimrudishe vipi? Nampenda, ndiye msomaji bora tuliyenaye.

Mwenyekiti asiye na raha, Morogoro

---

Marahaba mwanangu.

Barua yako ina watu wengi, nami nimeisoma mara mbili nikimtafuta mmoja ambaye haonekani vizuri. Najua alichosema mzee, alichosema kijana na alichosema dada akiondoka. Mwenye nyumba alisema nini? Alikwenda kuongeza chai. Sikulaumu, wengi wangekimbilia jikoni. Lakini ukitaka kujua dada alitoka kwa sababu gani, anzia hapo. Mzee mmoja akisema neno baya, hilo ni neno la mzee. Mwenyekiti akiondoka na birika, limekuwa neno la nyumba.

Tuje kwenye kitabu, maana mzee anadai yeye alisoma tu kilichoandikwa. Hakukisoma. Kalasinga anaposema atafasiri Kurani, Hamid anamtania kwamba Kiswahili chenyewe hakijui, sembuse Kiarabu. Naye anajibu bila haya kwamba atatumia tafsiri ya Kiingereza. Yaani anayetaka kuwafumbua wenzake macho, yeye mwenyewe atakipapasa kitabu kupitia lugha ya tatu. Gurnah anamcheka Hamid na anamcheka Kalasinga papo hapo. Mzee wako alikata kicheko nusu, akachukua kipande kinachomfaa.

Kuna jambo jingine katika ukurasa ule. Kalasinga anasema maneno makali kuliko ya mzee, na bado Hamid hafungi mkoba. Kwa nini? Wale ni marafiki wa siku nyingi, wamesafiri pamoja, wamekula pamoja, na kila mmoja anajua mwenzake anaumia wapi. Halafu hesabu waliopo. Hamid ni Mwislamu, Hussein yule mkaa pweke kutoka Zanzibar ni Mwislamu, kijana Yusuf ni Mwislamu. Kalasinga yuko peke yake. Anayetania pale ni mmoja mbele ya wengi, na anajua atajibiwa na wote. Sebuleni kwako ilikuwa kinyume: wengi wanacheka, mmoja anaelekezewa kidole. Maneno yanaweza kufanana herufi kwa herufi, tendo likawa si hilo. Hilo peke yake lingetosha kuwa mazungumzo ya Jumamosi nzima, na mmelikosa.

Tena jambo lenyewe lina historia, na ningependa mzee aijue. Riwaya ile ni ya wakati wa Mjerumani, kabla ya vita vya 1914. Miaka michache baadaye ndoto ya Kalasinga ilitimia, ila si kwa mkono wa Singasinga. Tafsiri ya kwanza ya Kurani nzima kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1923, kazi ya Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana, na ilikusudiwa zaidi kuwasaidia wahubiri wa Kikristo kuufahamu Uislamu wanaoshindana nao. Mwaka 1953 ikatoka ya Waahmadiyya, jumuiya iliyoanzia India, nayo masheikh wengi wa pwani hawakuikubali. Ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ambayo ndiyo utaikuta katika nyumba nyingi, ilikamilika 1969. Kwa hiyo mtu akicheka kwamba Waislamu hawaelewi kitabu chao mpaka mtu wa nje awafasirie, Mwislamu aliyesoma hasikii utani wa sebuleni. Anasikia jambo la miaka mia.

Ila nawe usimbebee mzee historia hiyo ukamtwanga nayo. Ipo na ya upande wa pili, nzuri, na ndiyo ningeanza nayo. Ludwig Krapf alipoanza kukigeuza kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, Mombasa mwaka 1844, alisaidiwa na kadhi wa mji. Mmisionari hakijui Kiswahili sawasawa, kadhi hana haja na Ukristo, na bado waliketi pamoja wakahangaika na Adamu na Hawa. Mzee wako atapenda kusikia hivyo. Mwambie, atauliza zaidi.

Kuhusu sheria ya kupiga marufuku vitabu vyenye dini, hebu nionyeshe rafu itakayobaki. Utamtoa Kinjeketile? Ebrahim Hussein aliandika mchezo mzima, 1969, juu ya mtu aliyesema amepewa maji na mzimu, watu wakaamini, wakaenda kufa. Utamtoa Kezilahabi? Rosa Mistika, 1971, ni binti wa nyumba ya Kikatoliki, na kitabu kile kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, na baadaye kikaja kufundishwa. Shaaban Robert ukimwondolea Mungu utabaki na vituo na mikato. Mkisoma vya ujasiriamali mtafika kwenye sura ya riba mtagombana vilevile. Dini haikuingia kwenye kikundi chenu kupitia Gurnah, iliingia na watu wenyewe walipovua viatu mlangoni.

Na hili la kugawana, Wakristo kwao na Waislamu kwao, sitalijadili. Mkifika huko fungeni kikundi, kila mtu asome kitandani kwake.

Sasa kazi. Anza na dada, na usiende dukani kwake. Dukani kuna wateja, kuna mtu anataka panadoli, na yeye atalazimika kukuchekea. Nenda kwake, jioni, peke yako. Usiende na ujumbe wa watu watano kama mnakwenda kuposa, na usibebe kitabu. Usiseme "samahani kama ulikwazika", maana hiyo "kama" inamrudishia mzigo yeye. Sema kilichotokea: "Ulidharauliwa nyumbani kwangu, nami nikanyamaza." Kisha ukae kimya, umwache aseme. Huenda akasema mambo ya zamani ambayo huyajui, utani wa ofisini, vicheko vya harusini. Usitetee mtu. Na tafadhali usimwombe arudi ili "atufundishe Uislamu". Yeye alikuja kusoma riwaya kama wengine, hakuajiriwa kuwa ustadhi wenu. Akirudi ni hiari yake, na asiporudi mtabaki majirani.

Mama wa vitenge ni suala jingine, kwa kuwa aliyezungumza ni mume. Usiende kumshinda kwa hoja za uhuru wa mkewe kusoma, utampoteza mke na mume. Amekupigia kwa heshima, mjibu kwa heshima. Mkaribishe yeye mwenyewe siku moja aje akae asikilize. Akija, hakikisha siku hiyo si ya aibu.

Sasa mzee. Unaniuliza utamwambia nini mtu aliyekupakata. Wewe usimwambie. Mtafute mkubwa mwenzake, mtu wa rika lake ambaye wanaheshimiana, amweleze pembeni kwamba Jumamosi ile alivuka. Wazee wetu hukubali kusahihishwa, lakini hutaka kusahihishwa na mwenzao, na hawataki kuwe na hadhira. Ukishajua ujumbe umefika, nenda kamwamkie na umpe kazi. Nasema kazi kwa makusudi. Mtu wa namna ile mkimnyamazisha atakaa pale amenuna kama jiwe, na mkimwacha huru atahubiri.

Nadhani najua alikojifunzia. Waliokuwa na masikio Dar es Salaam miaka ya 1980 na 1990 wanaikumbuka mihadhara: mhubiri wa Kiislamu na Biblia mkononi, wa Kikristo na Kurani, kila mmoja anaijua ile aya ya kumnasia mwenzake na hana habari na aya inayofuata. Watu walijazana viwanjani, walipiga makofi, walirudi nyumbani wakiwa na hasira na jirani zao. Kusoma ni kule, kwa maana ya macho kupita juu ya maandishi. Lakini aliyesoma hivyo hutafuta silaha, na akishaipata hufunga kitabu. Kikundi chako kinapaswa kufanya kinyume, kiendelee kusoma pale ambapo mhadhara ungesimama kupigiwa makofi.

Kazi ya mzee ni hii. Hamjafika mwisho wa Peponi, nami sitawamalizia, lakini majina yameshawaambia kitu. Kijana anaitwa Yusuf, mzuri wa sura, ametolewa kwao akiwa mtoto. Tajiri anaitwa Aziz. Mke wa tajiri anaitwa Zulekha. Yeyote aliyepita chuoni utotoni, au Sunday school, anajua kinakuja nini. Mtakapofika bustanini, mpe mzee kitabu cha Mwanzo, sura ya 39, aisome kwa sauti. Hiyo ni yake, anaijua, na sauti ya kanisani anayo. Kisha asomewe Sura Yusuf, aya ya 23 mpaka ya 29, kwa tafsiri ya Farsy. Mwulize mama wa vitenge, akiwa amerudi, kama angependa kusoma, na akikataa asome mtu mwingine yeyote. Halafu msome ukurasa wa Gurnah.

Mtaona wenyewe, lakini nitakupa mwanzo wa uzi. Katika Mwanzo mwanamke anabaki na vazi la Yusufu mkononi, na vazi lile linakuwa ushahidi wa uongo dhidi yake. Katika Kurani kanzu inachanwa kwa nyuma, na mchano ule wa nyuma ndio unaomwokoa, kwa sababu anayechaniwa nyuma alikuwa anakimbia. Nguo moja, kitabu kimoja inamhukumu, kingine inamtetea. Na bado kote kuwili Yusuf anakwenda gerezani! Gurnah kachukua mchano wa nyuma. Muulizane: mtu asiye na hatia, na kila mtu anaona kwamba hana hatia, inamsaidia nini kama yeye mwenyewe ni rehani ya deni la baba yake? Katika Mwanzo imeandikwa Bwana alikuwa pamoja na Yusufu. Katika riwaya, nani yuko pamoja na Yusuf? Hilo ni swali la dini kabisa, na halihitaji mtu yeyote kumnyooshea mwenzake kidole. Mkristo ana la kusema, Mwislamu ana la kusema.

Na asiye na dini pia. Usimsahau kijana wako wa kompyuta, maana huyu anajiona yuko nje ya uwanja, mwamuzi mwenye filimbi, wakati naye ni mchezaji. "Wote ni wale wale" ni sentensi ya mtu ambaye hajasoma, hata kama amesoma. Mpe ile sehemu ya mwezi wa Ramadhani, Hamid anapogundua kwamba Yusuf, kijana mkubwa yule, hawezi kusoma Kurani, wakampeleka chuoni kukaa na watoto wadogo. Mwambie akieleze kikundi, bila kejeli, kwa nini Hamid anafadhaika kiasi kile. Si lazima aamini. Anatakiwa kueleza kwa namna ambayo dada wa duka la dawa angesema, "Ndiyo, ni hivyo hasa." Kama hawezi, basi bado hajamwelewa mhusika, na kwa anayekuja kwenye kikundi cha vitabu, kuelewa wahusika ndiyo shughuli iliyomleta.

Sheria ya kikundi iwe moja: ukitaka kusema jambo juu ya dini, fungua ukurasa, taja nani anasema, anamwambia nani, na amekasirika au anatania. Na mbele ya ukurasa huo hakuna "nyinyi". Yupo Hamid, yupo Kalasinga, yupo Zulekha anayeamini kwamba mkono wa kijana na dua yake vitamponya jeraha. Mkimaliza kumjadili Zulekha kwa uaminifu mtakuwa mmezungumza mengi kuhusu nafsi zenu, na hakuna atakayekuwa ametajwa.

La WhatsApp ni dogo. Wewe ni admini, funga watu wasiweze kutuma, kundi libaki la ratiba na nani analeta maandazi. Video za wahubiri wazipeleke kwa shemeji zao.

Kuna mambo ya nyumbani ambayo hukuyataja kama tatizo, nayo ni tatizo. Mnaanza saa tisa na nusu. Alasiri inaingia mkiwa mmeshaanza, na kwa miezi yote hiyo wanawake wawili wamekaa wakiangalia saa chini ya meza. Anzeni saa tisa kamili, pawe na mapumziko, chai iwe hapo, na kuwe na chumba na maji. Siku ya kusoma Sura Yusuf, mtu akija na msahafu, usiwekwe sakafuni wala chini ya sahani ya sambusa, na Biblia ya mzee ipewe nafasi hiyo hiyo. Na mkisema kila mtu alete kitafunwa, aliyeleta soseji aseme ni za nini.

Mkimaliza, nashauri Kinjeketile. Mzimu wa Hongo, ule uliompa Kinjeketile maji, hauna mwakilishi sebuleni kwako, au mnadhani hauna, na hapo ndipo mtapimwa: mtamcheka kwa raha zote mtu aliyeamini maji, kwa sababu hakuna wa kufunga mkoba na kuondoka? Kuna mmoja wenu ana bibi kijijini anayetambika. Simjui ni nani, na wewe humjui.

La mwisho, hizo kopi. Mfasiri, Ida Hadjivayanis, alikaa na kila sentensi ya kitabu kile, na Mkuki na Nyota wakakichapa 2022 wakijua vizuri riwaya za Kiswahili haziuziki kirahisi hapa kwetu. Mmechanga hela ya maandazi kila mwezi, mnaweza kuchanga ya nakala mbili zaidi. Hiyo ya kwanza itakayonunuliwa, mpelekee dada wa duka la dawa, lakini si siku ile ya kwanza utakayokwenda kwake. Subiri kidogo.